Mwongozo kamili wa kupaka rangi vijisanamu vya fantasia: kila kitu kinaanzia kwenye maji ya brashi

Watu wakiona kijisanamu cha mchawi kimepakwa vizuri, kina macho, joho lina kivuli kwenye mikunjo, upanga unang'aa kwenye makali tu, wanasema aah huyu kazaliwa na mkono mwepesi. Mi nimekaa na hivi vitu miaka kadhaa sasa na naamini kabisa kipaji kina sehemu ndogo sana hapa. Kazi yote inasimama kwenye kitu kimoja ambacho hata mtoto anajifunza, nacho ni kujua brashi yako ina maji kiasi gani muda huo unapoigusisha kwenye sanamu. Rangi ikiwa nzito inafunika sura, ikiwa na maji mengi inamwagikia kwenye mashimo, na karibu kila kosa ambalo watu wanalitupia mkono wao ukilifuatilia utakuta lilianzia hapo. Nitalirudia hili sana humu, mnivumilie.

Kwanza unakusanya nini

Jiulize unavitaka kwa mchezo gani, maana hapo ndo idadi inapotokea. Michezo ya kuigiza uhusika kama Dungeons & Dragons, iliyotoka Marekani mwaka 1974, inakutaka kijisanamu kimoja cha mhusika wako na labda majini na mazimwi kadhaa ya kupigana nayo. Michezo ya vita kama Warhammer, ambayo Games Workshop ya Uingereza waliitoa mwaka 1983, inataka jeshi zima, makumi kwa makumi, na mtu asiyejua hilo ananunua maboksi sita kwa mpigo halafu anakata tamaa kabla hajamaliza la kwanza. Ushauri wangu, nunua kundi moja dogo la watano wanaofanana na shujaa mmoja, basi. Ukimaliza hao ndo ufikirie wengine.

Halafu angalia ukubwa. Vingi vya fantasia ni milimita 28 mpaka 32, hicho ni kimo cha kijisanamu cha mtu wa kawaida akisimama. Vya milimita 15 na kushuka ni vya majeshi makubwa, vinatazamwa kwa mbali na havihitaji macho. Vya 54 na 75 ni vya kuweka kabatini na kuonyesha, usianze navyo maana uso mkubwa hauna pa kuficha kosa.

Na wa kwanza kabisa kumpaka awe mifupa inayotembea, au zimwi, au mnyama mwenye manyoya. Sababu ni kwamba sanamu yenye mikwaruzo na mashimo mengi inakusaidia, rangi ya kivuli inaingia yenyewe kwenye mashimo na brashi kavu, yaani brashi iliyofutwa karibu rangi yote, inashika yenyewe kwenye vilele. Elfu (elf, kiumbe wa hadithi mwenye masikio ya ncha) mwenye uso laini na joho lisilo na kitu hakusaidii hata kidogo, pale kila kivuli unakitengeneza mwenyewe.

Jua kimetengenezwa kwa nini

Hapa watu wengi wanaruka na baadaye mkono unang'oka katikati ya mchezo. Plastiki ngumu, ile inayokuja imeshikana kwenye fremu, inaunganishwa na gundi ya plastiki ambayo kwa kweli haigandishi, inayeyusha pande mbili zikawa kitu kimoja, kwa hiyo ukikosea ukapaka nyingi inayeyusha na uso pia. Gundi hiyo haifanyi kazi kwenye resini, wala chuma, wala ile plastiki laini inayopinda, huko tumia supagluu. Kama ni chuma na kipande ni kizito, mfano bawa la joka, supagluu peke yake haitoshi, toboa tundu dogo la milimita moja kila upande kwa drili ya mkono, weka kipande cha waya katikati ndo ugundishe.

Plastiki laini mara nyingi inafika panga limepinda kama ndizi. Tumbukiza kwenye maji ya moto sana kwa sekunde chache, nyoosha, halafu moja kwa moja kwenye maji ya baridi, itabaki hivyo hivyo.

Kuhusu afya niseme wazi maana sipendi inavyochukuliwa poa. Ukipiga msasa resini, vumbi lake ni baya kwa mapafu, lowesha kwanza na uvae barakoa. Resini ya printa ya 3D ambayo haijakaushwa kwa mwanga usiishike bila glavu. Na vijisanamu vya chuma vya zamani, vya miaka ya 1970 na 1980, vingi vilichanganywa na madini ya risasi, kwa hiyo usivipige msasa vikiwa vikavu, nawa mikono, na usivishike ukiwa unakula. Kulamba brashi ili ncha ichongoke nako tuache jamani, kuna rangi zina vitu ambavyo havitakiwi mdomoni.

Vifaa, na kosa la brashi ndogo

Kila anayeanza anakimbilia brashi ndogo kuliko zote, anadhani sanamu ndogo inataka brashi ndogo. Hapana. Brashi ile ya sifuri tatu haina tumbo, inabeba tone moja ambalo linakauka kabla hujafika kwenye sanamu, halafu unaanza kupiga vinukta vya rangi nusu kavu na unashangaa kwa nini uso una chembechembe. Chukua namba 1 au namba 2 yenye ncha kali. Tumbo lake linashika maji, ncha ndo inachora, na kwa brashi hiyo hiyo unapaka joho zima na bado unapaka jicho. Za manyoya asili ya kolinsky, mnyama wa jamii ya kicheche, ni bora na zinadumu ukizitunza, za sintetiki zinafaa ila ncha yake baada ya muda inajikunja kama ndoano, basi ikifika hapo iwe ya kuchanganyia rangi na kupaka gundi. Ongeza brashi moja pana laini ya duara, hata ile ya kupakia poda usoni, hiyo ni ya brashi kavu tu.

Rangi ziwe akriliki za maji zilizotengenezwa kwa vijisanamu. Citadel, Vallejo, Army Painter, zote ni nzuri, msipoteze usiku kubishana. Rangi kumi na moja zinatosha kabisa: nyeusi, nyeupe, nyekundu, bluu, njano, kahawia, rangi ya mfupa, fedha, dhahabu, na woshi mbili, ya kahawia na nyeusi. Woshi ni rangi nyepesi sana inayotiririkia kwenye mashimo na kufanya kivuli. Tikisa kila chupa kwa muda, maana rangi yenyewe inazama chini, ukimimina bila kutikisa unapata maji tu na utadhani chupa ni mbovu.

Halafu paleti ya maji, tena hii usiinunue, itengeneze. Chukua kontena la plastiki lenye mfuniko, tandika sponji nyembamba, mimina maji hadi sponji iloe bila maji kuelea juu, halafu weka juu yake karatasi ya kuokea keki, sio ile yenye nta maana haipitishi kitu. Maji yanapanda taratibu kupitia karatasi na rangi yako inabaki kama maziwa kwa masaa, wakati kwenye sahani kavu inaganda kwa dakika chache. Rangi za fedha na dhahabu usiweke humo, vile vijichembe vyake vinavyong'aa vinasambaa na baadaye unavikuta kwenye ngozi ya shujaa, na woshi pia usiweke. Hizo ziende kwenye sahani kavu, na za chuma ziwe na kikombe chao cha maji peke yake.

Kuandaa, sehemu inayochosha

Osha kwanza na sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, sugua kwa mswaki laini, hasa resini na chuma, maana kuna mafuta ya moldi, yaani kalibu iliyotumika kuunda sanamu, yanabaki na rangi haishiki juu ya mafuta. Acha vikauke kabisa.

Kata vipande kutoka kwenye fremu kwa koleo ya kukatia, usikate kabisa kwenye mwili, acha kidogo kisha malizia kwa kisu. Sasa tafuta mstari wa moldi, ule mshono mwembamba unaopita pembeni ya miguu, juu ya kichwa, kwenye mpini wa silaha. Ukwangue kwa mgongo wa kisu, sio makali, taratibu. Najua inachosha, ila mstari huo hauonekani sana saa hizi na utaonekana vibaya mno baadaye, kwa sababu brashi kavu ikipita inaushika wenyewe kabla ya kitu kingine, na utakuta shujaa wako ana mstari mweupe kutoka sikioni mpaka kisiginoni. Jaribu vipande vinavyokaa kabla ya gundi, pengo likionekana jaza na filla. Ngao inayoziba kifua, au mpini unaoziba uso, usiugundishe kwanza, upake ukiwa peke yake pembeni.

Mwisho kibandike kijisanamu juu ya kizibo cha chupa au kopo dogo, ushike hicho kizibo na sio mwili. Mafuta ya vidole yanabandua rangi.

Praima

Bila praima, yaani tabaka la kwanza la kushikisha rangi, akriliki inabanduka kwenye ncha zote, haina ubishi. Ukitumia kopo la spree, toka nje au mahali penye hewa, tikisa dakika nzima au mbili, kaa sentimita 20 hadi 30, anza kupuliza pembeni ya sanamu, pita juu yake, malizia upande wa pili, mipigo mifupi mifupi. Usijaribu kufunika yote kwa pigo moja, sehemu zisizofikiwa utazimalizia kwa brashi.

Hali ya hewa ndo inawaponza watu. Mi nilishawahi kupuliza vijisanamu vinane mara tu baada ya mvua kwa sababu sikuweza kusubiri, na vyote vilitoka na ukungu mweupe kama vimeota koga, wiki nzima ya kuandaa ikaenda. Unyevu mwingi unafanya hivyo, na joto kali na upepo nalo linafanya rangi ikauke hewani kabla haijafika, inatua kama mchanga. Siku zikikataa, tumia praima ya kupaka kwa brashi, tabaka mbili nyembamba, na uiache mpaka siku inayofuata ndo uanze rangi.

Kuna mbinu moja naipenda sana kwa wanaoanza: puliza nyeusi kila mahali, ikikauka puliza nyeupe kutoka juu tu, kama jua linavyopiga. Chini ya mikono na ndani ya joho panabaki peusi, mabega na kichwa panakuwa peupe, na sanamu yenyewe inakuonyesha kivuli kiko wapi na mwanga uko wapi hata kabla hujagusa rangi.

Rangi yenyewe

Haya, sasa maji. Chukua rangi kutoka kwenye paleti, ongeza maji kidogo kwa ncha ya brashi, changanya mpaka iteleze kama maziwa. Chovya brashi mpaka nusu ya manyoya tu, rangi isifike kabisa kwenye kile chuma kinachoshika manyoya, ikigandia humo ncha inapasuka na brashi imekufa. Halafu, na hapa ndo wengi wanaruka, gusisha tumbo la brashi kwenye tishu ili maji ya ziada yatoke. Rangi ni nyepesi lakini brashi haijaloa chepechepe, hivyo ni vitu viwili tofauti. Jaribu kwenye ukucha wa dole gumba: chora mstari, ukikaa ulivyouchora na hauonyeshi alama za manyoya, nenda kwenye sanamu. Ukitiririka pembeni ya ukucha, rudi kwenye tishu. Ukikatika katika na kukwaruza, ongeza maji.

Tabaka la kwanza litaonekana baya, lina mawingu na unaona praima chini, liache. Subiri likauke kabisa ndo uweke la pili, na kwa njano, nyekundu na nyeupe hata la tatu au la nne, rangi hizo hazifuniki vizuri kwa asili yake. Ukirudi juu ya rangi iliyokauka nusu inachanika kama ngozi ya maziwa yaliyochemka.

Anza ndani kuja nje, yaani ngozi, kisha nguo ya ndani, kisha deraya, kisha mikanda na vifuko, kwa sababu ukichafua kitu cha nje bado hujakipaka. Isipokuwa kama kuna kitu cha kupiga brashi kavu, mfano shati la minyororo au manyoya, hicho kitangulie maana kinachafua majirani wote.

Rangi za msingi zikikauka weka woshi. Watu wanaimwaga kama wanamwagilia bustani na kijisanamu kinatoka na madoa. Weka ya kutosha kuingia kwenye mashimo, na palipotuama, kama katikati ya mgongo, inyonye kwa brashi safi yenye unyevu kidogo ikiwa bado mbichi. Ikianza kukauka ondoa mkono, usiguse, kila ukigusa unaacha duara kama doa la chai kwenye kitambaa. Mwaka 2019 Citadel walileta rangi za Contrast ambazo kwa tabaka moja juu ya praima nyeupe zinafanya rangi na kivuli kwa pamoja, kwa jeshi kubwa ni mkombozi kweli, ila nazo zina sharti lile lile, nyonya panapotuama.

Brashi kavu ni rahisi na ni tamu kwa manyoya, mifupa, mawe. Chukua rangi iliyo nyepesi kwa mwonekano kuliko ya msingi, futa kwenye tishu mpaka udhani hamna kitu kilichobaki, halafu sugua kwa upole juu ya vilele. Brashi ikiwa kavu kupita kiasi inaacha unga unga kama chaki, unyevu kidogo tu kwenye manyoya unaondoa hilo. Ona, hata brashi inayoitwa kavu inataka maji yake.

Kwenye nguo laini ndo kazi ya tabaka. Changanya rangi ya msingi na iliyo angavu kidogo, paka juu ya mkunjo ukiacha kivuli chini, ongeza tena angavu, paka sehemu ndogo zaidi. Ukiona mpaka kati ya rangi unakata sana, tengeneza rangi ya maji mengi, futa brashi vizuri kwenye tishu, na uivute kutoka kwenye kivuli kwenda kwenye mwanga. Siri hapa ni kwamba rangi nyingi inabaki pale unapoinua brashi, sio pale unapoanzia, kwa hiyo mvuto uishie pale unapotaka rangi iwe na nguvu. Siku nilipolielewa hili nilirudia majoho matatu niliyokuwa nimeyamaliza.

Ngozi nyeusi inapakwa vibaya sana na watu wengi na inaniuma, maana wanachukua kahawia na kuongeza nyeupe, na shujaa anatoka amepauka kama hajapaka mafuta. Anza na kahawia iliyokolea yenye wekundu kidogo, mwanga uutengeneze kwa kuongeza rangi ya machungwa au ya mfupa kidogo sana, kivuli kiwe na bluu au zambarau ndani yake, na miale ya juu kabisa, kwenye paji la uso, ncha ya pua na mashavu, iwe midogo na mikali. Ngozi nyeusi inarudisha mwanga kwa kung'aa, sio kwa kuwa nyeupe.

Macho, yapake mapema kabla ya kumaliza uso, ukitoka nje ya mstari unarekebisha kwa rangi ya ngozi. Weka giza kwenye tundu la jicho, halafu mstari mwembamba wa rangi ya mfupa, sio nyeupe tupu maana atatoa macho kama kashtuka, halafu mstari mmoja mweusi wa wima kutoka kope hadi kope, kinukta cha katikati kinamfanya aonekane anashangaa. Viwiko mezani, viganja vigusane, toa pumzi, chora.

Chuma: fedha, woshi nyeusi, fedha tena kwenye makali tu. Imeisha.

Kitako na vanishi

Kitako kikiwa kimeachwa plastiki tupu, sanamu nzuri inaonekana haijaisha, na sanamu ya kawaida ikipambwa kitako inaonekana nzuri maradufu. Paka gundi nyeupe ya mbao, chovya kwenye mchanga mkavu, acha usiku kucha, paka kahawia, woshi, brashi kavu ya rangi ya mfupa. Ukingo wa kitako uwe rangi moja safi kwa jeshi zima.

Halafu vanishi, kama utakicheza lazima, vidole vinakula rangi. Isiyong'aa ndo inapendeza, lakini ya spree nayo kwenye unyevu inaacha ukungu mweupe, na huko kosa linaumiza zaidi maana kazi imeshaisha, kwa hiyo mimi naipaka kwa brashi, nyembamba. Inazima ng'aro ya fedha, basi rudishia vanishi inayong'aa kwenye panga na vito tu. Nyasi za kubandika ziwe za mwisho kabisa, baada ya vanishi, zisije zikagandana.

Ukikosea kabisa rangi inatoka. Chuma na plastiki ngumu loweka kwenye alkoholi ya isopropili masaa kadhaa, sugua kwa mswaki. Resini na plastiki laini jaribu kwanza sehemu isiyoonekana. Asetoni ni ya chuma peke yake, plastiki inayeyuka.

Ukimaliza kwa siku hiyo osha brashi kwa maji ya baridi na sabuni mpaka povu litoke jeupe, chonga ncha kwa vidole, ilaze chali ikauke, usiiache imesimama kichwa chini kwenye kikombe hata kwa dakika kumi. Funika paleti. Sponji ikianza kunuka ibadilishe. Kesho ukiifungua na rangi bado iko kama maziwa, jaribu kwenye ukucha, endelea na joho pale ulipoliacha.